Mkahawa wa kulipia melini: lipia kisichoweza kusubiri

Swali: Mimi na mume wangu tumelipia safari yetu ya kwanza kwenye meli ya kitalii, usiku saba. Tangu tulipe, haipiti wiki kampuni haijanitumia barua pepe ya kunishawishi ninunue kifurushi cha mikahawa maalumu, ile inayolipiwa nje ya nauli. Wanasema nikichukua sasa kuna punguzo. Mume wangu anasema chakula tumeshakilipia, hatulipi mara mbili. Wifi yangu, aliyesafiri mwaka juzi, anaapa kwamba usipokula huko hujapanda meli. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, mumeo amepatia hesabu, na wifi yako amepatia jioni moja aliyokula vizuri. Katikati yao kuna jiko, ambalo wote wawili hawajaliona. Mimi nimepatia riziki huko kwa miaka, kwanza nikiwa mhudumu wa ukumbi mkuu wa chakula, baadaye kwenye mkahawa wa steki wa kulipia, sitaha chache juu yake. Ushauri wangu ni huu: nunueni mlo mmoja, ikizidi sana miwili, na kifurushi mkiache. Ila ushauri usio na sababu haumsaidii mtu aliyeshika kadi ya benki mkononi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Nianze na mumeo. Nauli mliyolipa imebeba ukumbi mkuu wenye wahudumu na vitambaa vya meza, bufee ya sitaha ya juu, na kwa meli nyingi vibanda vya piza, baga na aiskrimu. Hamtalala njaa hata mkitaka. Ndiyo maana mkilipa dola 50 kila mmoja kwa chakula cha jioni, msijihesabie kwamba mmepata chakula cha dola 50. Mna sahani nyingine chini mliyokwisha kuilipia, na jioni ile mnaiacha. Mlichonunua ni tofauti kati ya sahani hizo mbili. Pengine tofauti hiyo ni kubwa kweli, na pengine haizidi kitambaa cha meza kilichopigwa pasi vizuri zaidi.

Sasa njoo jikoni. Chukua meli yenye abiria elfu tatu. Kwa desturi ya zamani ukumbi mkuu hulisha kwa awamu mbili, ya kwanza karibu saa kumi na mbili jioni, ya pili karibu saa mbili na nusu usiku. Kwa hiyo ndani ya robo saa watu mia kadhaa, na kwenye meli kubwa zaidi ya elfu, wamekwisha kukaa na wanaagiza. Hata kampuni zilizoacha awamu na kumruhusu kila mtu aje saa aitakayo, watu huja wakati uleule, kwa sababu tumbo nalo lina saa yake. Wapishi hawawezi kuchoma steki mia tatu moja moja kwa dakika ileile. Huzichoma kwa mafungu, mafungu huwekwa kwenye kabati la joto, mhudumu hupanga sahani zenye vifuniko kwenye trei kubwa, huibeba begani, hupita mlango unaofunguka wenyewe, na kama meza zake ziko mwisho wa ukumbi ana safari. Muda wote huo nyama inaendelea kuiva chini ya kifuniko. Wewe uliomba iwe na wekundu katikati, na mpishi aliitoa na wekundu. Ilipofika mezani ilikuwa ya kijivu, na hakuna mtu wa kumlaumu.

Lakini angalia, mwendo huohuo haudhuru vyakula vingine. Supu inasafiri vizuri. Mwanakondoo aliyepikwa taratibu, ubavu wa ng'ombe uliookwa mzima ukakatwa vipande, bata, samaki wa mchuzi, mboga zilizopikwa kwa viungo vya Kihindi, vyote hivi hustahimili kabati la joto, na vingine hunoga humo. Wapishi wa ukumbi mkuu si wapishi wabovu. Wengi ndio haohao wanaozungushwa kwenda mikahawa ya juu msimu unaofuata. Kinachotofautiana ni umbali na wingi wa sahani.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: lipia kisichoweza kusubiri.

Ukipima hivyo, mkahawa wa steki unashinda karibu kwenye kila meli niliyoijua. Una jiko lake dogo hatua chache kutoka mezani, una meza chache, na nyama huchomwa baada ya wewe kuagiza. Nyama yenyewe pia huwa ya daraja jingine: ni nene zaidi, imekomazwa muda mrefu zaidi ili ilainike. Cagney's kwenye meli za kampuni ya Norwegian, Chops Grille kwenye Royal Caribbean, Crown Grill kwenye Princess, Pinnacle Grill kwenye Holland America, yote hii ni mikahawa ya aina hiyo, na ndiyo inayobeba sifa ya mikahawa ya kulipia kwa jumla. Anayekuja juu kula kuku huko amejiibia mwenyewe.

Teppanyaki inafuata, ila kwa sababu nyingine. Hapo mnakaa kuzunguka bamba la moto, mpishi anapika mbele yenu, anarusha mayai, anagonga visu, anatania watoto. Chakula hakisafiri hata hatua moja. Mnachokula ni wali, mboga, kamba na nyama iliyokatwa vipande, hakuna cha ajabu sana, na mtakaa na wageni msiowajua. Mkipenda kuchekeshwa mtafurahi. Mkitaka kuongea wawili tu, hapo si pahali penu.

Sushi, vile vitonge vya wali na samaki mbichi, iko katikati. Ni kweli haifai kusubiri, lakini mara nyingi huuzwa kwa sahani moja moja, na sahani zile ni ndogo. Nimeona watu wazima wakiingia kwa vitafunwa wakatoka na bili ndefu kuliko ya mkahawa wa steki, kisha wakapitia bufee wakirudi kabini.

Mkahawa wa Kiitaliano ndio ninaouachia mkono. Najua nitapigiwa kelele. Tambi zinazochemshwa pale pale ni bora kuliko zilizokaa, sikatai, lakini sehemu kubwa ya menyu hiyo mnayo tayari chini: tambi kila siku, piza karibu mchana kutwa, jibini, nyanya, kuku wa kupakwa chenga za mkate. Kilichobaki ni utulivu na kikapu cha mikate mizuri. Mkahawa wa Kifaransa una haki zaidi ya kulipiwa, kwa sababu michuzi yake hupikwa kidogokidogo, na vitindamlo kama suflei, ile ya mayai iliyofura, huporomoka visipoliwa papo hapo.

Nimetaja utulivu kama jambo dogo, na si dogo. Ukumbi mkuu una sauti: vijiko, nyimbo za siku za kuzaliwa, mtoto aliyechoka meza ya pili, wahudumu wakicheza ngoma usiku fulani. Mhudumu wa chini anaweza kuwa na wageni zaidi ya ishirini kwa awamu moja, na lazima awaondoe kabla awamu ya pili haijaingia. Juu ana meza chache na hana haraka, kwa hiyo mlo unaweza kuchukua saa mbili bila mtu kukusogezea bili. Kwa wanandoa walio mapumzikoni, hizo saa mbili huenda zikawa na thamani kuliko steki yenyewe. Kwenye meli za Disney mikahawa ya Palo ni ya watu wazima tu, na wazazi wanaolipa huko, nijuavyo mimi, hawalipii tambi.

Ila utulivu huo una gharama isiyoandikwa kwenye menyu. Mkiwa na meza ya kudumu ukumbi mkuu, mhudumu ni yuleyule kila usiku. Usiku wa pili anajua jina lako, wa tatu anajua hupendi kitunguu kibichi, wa nne amekuletea vitindamlo viwili bila kuulizwa kwa sababu jana ulishindwa kuchagua. Huduma hiyo huijengi ukiwa unakuja leo na kesho huonekani. Wakati mmoja nilikuwa na mume na mke walionunua kifurushi cha kula mikahawa yote, kila usiku. Usiku wa tano waliteremka kwangu ukumbi mkuu, wamechoka kwa siagi na nyama, wakaomba supu na mkate. Walikuwa wamelipia mlo wa usiku ule juu. Walikula supu ya bure wakiwa na furaha kuliko siku zote, na mama yule akaniuliza kwa nini hakuna aliyewaambia.

Hakuna aliyewaambia kwa sababu hakuna anayelipwa kuwaambia. Barua pepe zinazokujia si za bahati mbaya. Kampuni hizi hazijiendeshi kwa nauli peke yake. Carnival Corporation, kubwa kuliko zote, mwaka 2023 ilipata takribani theluthi moja ya mapato yake kutokana na yale abiria wanayonunua baada ya tiketi: vinywaji, matembezi ya bandarini, kamari, intaneti na hiyo mikahawa. Nauli huwekwa chini ili upande meli, faida hutafutwa ukiwa ndani. Sina kinyongo na biashara hiyo, imenilisha. Lakini unapaswa kujua kwamba punguzo la leo si zawadi. Bei za vifurushi hupanda na kushuka kama bei za tiketi za ndege, na maneno kwamba punguzo linaisha usiku wa manane huwa yanarudi wiki ijayo yamevaa nguo nyingine.

Mtu asidhani pia kwamba kulipia chakula melini ni jambo la juzi. Mwaka 1905 kampuni ya Hamburg-Amerika iliingiza majini meli iitwayo Amerika ikiwa na mkahawa wa Ritz-Carlton, ambapo abiria matajiri walikula kwa kuchagua na kulipa, mbali na ukumbi wa kawaida. Titanic nayo, mwaka 1912, ilikuwa na mkahawa wa namna hiyo ulioendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti kwa abiria wa daraja la kwanza. Na hapa mumeo atacheka: abiria aliyeamua safari nzima kula mkahawani tu, bila kugusa ukumbi wa kawaida, alipunguziwa nauli. White Star, kampuni yenye Titanic, waliona haki kumrudishia mtu chakula asichokila. Leo ukila juu usiku saba, cha chini umekiacha na pesa yake imebaki kwao.

Mfumo tulio nao sasa ulishika kasi mwaka 2000, Norwegian walipotangaza safari zisizo na meza wala saa maalumu, wakajaza meli mikahawa mingi midogo. Wengine walifuata. Siku hizi meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024 na inayoweza kubeba abiria hadi 7,600, ina pa kula pengi kiasi kwamba mgeni anaweza kupotea njia akiwa na njaa. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi ni kwamba ukumbi mkuu umefifishwa makusudi ili watu wapande juu. Mimi nasema lina chembe ya ukweli. Vipande vizuri vya nyama vimekuwa vikiondoka chini taratibu, na vingine vimerudi vikiwa na bei. Carnival, kwa mfano, hutoza ukiagiza sahani kuu ya tatu usiku mmoja, na kampuni kadhaa zina steki za kulipia ndani ya ukumbi uleule wa bure. Hizo steki zina faida yake: mmoja wenu akitamani nyama nzuri na mwingine ametosheka na samaki, mnalipia sahani moja badala ya viti viwili. Nayo huwa haikai sana kabatini, kwa kuwa wanaoiagiza ni wachache.

Kabla hujaenda mbali, angalia ni kampuni gani mnayosafiri nayo, kwa sababu kwa baadhi yao swali lako halipo. Oceania, Regent na Viking mikahawa yao maalumu imo kwenye nauli, unachohitaji ni kuweka nafasi. Virgin Voyages pia wameingiza mikahawa yao ndani ya bei. Kwa Cunard, abiria wa vyumba vya daraja la Grill wana kumbi zao wenyewe. Usije ukahangaikia kulipa mahali ambapo hakuna anayekudai.

Kama kampuni yenu ni ya kutoza, soma kifurushi kwa jicho la mwanasheria. Bei unayoiona mara nyingi haina ada ya utumishi: kampuni nyingi za soko la Marekani huongeza asilimia 18 au 20 juu yake, hata pale chakula chenyewe kinapoitwa zawadi. Dola 50 zinakuwa 59 au 60 kabla hujafungua menyu. Vinywaji havimo. Kambakoche na vipande vikubwa vya nyama vinaweza kuwa na nyongeza yake hata kwa mwenye kifurushi. Meza ya mpishi mkuu, ile ya watu wachache na kozi nyingi, kwa kawaida haimo kabisa. Kuna kampuni zinazotoza ukiweka meza usitokee, kwa hiyo ukibadili nia futa mapema. Na "bila kikomo" kina kikomo kinachoitwa nafasi: ukisubiri mpaka siku ya tatu, saa zilizobaki ni ya kumi na moja jioni na ya tatu na nusu usiku.

Kuhusu usiku wa kuchagua, hapa watu wengi wanapoteza pesa bila kujua. Kwenye safari ya wiki moja, meli nyingi zina usiku wa mavazi rasmi ambapo ukumbi mkuu hutoa vyakula vyake bora, na kwa kampuni kadhaa kambakoche huwa kwenye menyu usiku mmoja wapo. Huo si usiku wa kwenda kulipa juu. Siku mtakayopanda, uliza kwenye meza ya huduma menyu ya kila usiku, au itazame kwenye programu ya simu ya meli, kisha chagueni usiku ambao ukumbi mkuu hauwavutii. Usiku wa kwanza una mvuto wake: ukumbi mkuu bado haujatulia, mizigo inasakwa, wahudumu hawajawajua wageni, na mikahawa ya juu ina viti vitupu, hivyo mara nyingi huuza kwa bei ya chini ili ijaze. Tatizo ni mwili, kwa sababu wengi wamesafiri tangu alfajiri na steki kubwa wanaiangalia tu. Siku ya bandari ndefu nayo ni ya hatari, mtarudi na mchanga miguuni na usingizi machoni.

Ninachokipenda mimi ni chakula cha mchana kwenye siku ambayo meli iko baharini tu. Baadhi ya mikahawa hiyo hufunguliwa mchana kwa bei ya chini kuliko ya usiku, jiko ni lilelile na wapishi ni walewale, na mna alasiri nzima ya kulala. Tena dirishani mnaona bahari, badala ya kioo cheusi kinachowaonyesha nyuso zenu. Angalieni pia ratiba ya ukumbi wa maonyesho, maana mlo wa saa mbili na onyesho la saa tatu usiku havikai pamoja.

Jambo moja la usafi, kwa sababu huulizwa: kulipa hakununui jiko safi zaidi. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kwa alama 100, na meli ikipata 85 au chini imeshindwa. Ukaguzi huingia majiko yote, la bure na la kulipia. Na kama mmoja wenu ana mzio wa chakula au hali nyama, ukumbi mkuu humhudumia vizuri akitoa taarifa mapema. Mkahawa wa steki hauna mengi ya kumpa isipokuwa viazi vizuri sana, na bei yake haipungui.

Kwa hiyo ningekuwa ninyi, barua pepe zile ningeziacha mpaka nijue siku za baharini ni zipi. Kisha ningeweka meza moja ya watu wawili kwenye mkahawa wa steki kabla ya safari, usiku wa nne hivi, usio wa mavazi rasmi. Mara nyingi bei ikishuka kabla ya kuondoka unaweza kufuta na kuweka upya, ila hakikisha masharti ya kampuni yako yanaruhusu. Mkifika, pitieni milango ya mikahawa mingine siku ya kwanza, menyu huwa imebandikwa nje. Mkiona kitu mnachokitamani ambacho hakimo chini, ongezeni mchana mmoja wa baharini.

Na kabla ya yote, mpigie wifi yako umuulize alikula nini usiku ule anaousifu. Akitaja steki, msikilize. Akitaja tambi, mpe mumeo simu.